Mrarua-Dubu wa Jelgava: Sanamu Iliyoangushwa Ikasimama Tena



Wapendwa wasomaji, juma hili nawaalika tusafiri pamoja kwa mawazo hadi Latvia, nchi ndogo iliyo kando ya Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya. Mtu akishuka katika treni kwenye mji wa Jelgava, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka Riga, mji mkuu wa nchi hiyo, atakuta bustani mbele ya kituo, na katika bustani hiyo sanamu ya mpiganaji wa kale. Sanamu hiyo si ya mfalme, si ya jemadari, wala si ya mtakatifu. Ni ya mtu wa hadithi. Walatvia humwita Lāčplēsis, jina ambalo kwa Kiswahili tungeweza kulifasiri kuwa Mrarua-Dubu.

Huenda msomaji akauliza, na ana haki ya kuuliza: padre wa parokia ana shauri gani na shujaa wa hadithi za Kilatvia? Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba katika hadithi hiyo mmoja wa wabaya wakuu ni padre, tena padre aliyeishi kweli, ambaye jina lake limo katika historia ya Kanisa letu. Ya pili ni kwamba mji wa Jelgava, ingawa ni wachache miongoni mwetu waliowahi kuusikia, uliwahi kunyoosha mkono wake hadi katika bara letu la Afrika. Yote mawili nitayaeleza, nami naomba subira yenu.

Hadithi yenyewe

Mwaka 1888 Andrejs Pumpurs, Mlatvia aliyezaliwa mwaka 1841 na kukulia Lielvārde, kando ya Mto Daugava, alichapisha utenzi mrefu uitwao Lāčplēsis. Alikuwa amefanya kazi ya kupima ardhi, akapigana kama mtu wa kujitolea huko Serbia mwaka 1876, kisha akawa ofisa katika jeshi la Kaisari wa Urusi. Alizichukua hadithi za wazee wa kwao, zile za kijana aliyezaliwa na dubu, akazifuma pamoja na mambo ya historia hata zikawa kitu kimoja.

Wakati huo Walatvia hawakuwa na dola yao. Aliyetawala alikuwa Kaisari wa Urusi, lakini mashamba makubwa yalikuwa mikononi mwa mabwana wa Kijerumani. Ni mwaka 1817 huko Kurzeme, na mwaka 1819 huko Vidzeme, ndipo wakulima wa Kilatvia walipofunguliwa kifungo cha kumilikiwa pamoja na ardhi waliyoilima. Na hata baada ya kufunguliwa, ardhi yenyewe ilibaki kuwa ya bwana. Watu wa namna hiyo walihitaji kusikia kwamba nao walikuwa na mashujaa.

Utenzi unasimulia kwamba mzee wa dini ya kale alimkuta mtoto msituni akinyonya kwa dubu jike. Akamchukua, akampeleka kwa mtawala wa Lielvārde, aliyemlea kama mwanawe. Alipokuwa kijana wa miaka 18, dubu alimrukia baba yake mlezi, naye kijana akamshika mnyama yule kwa mikono mitupu akampasua. Ndipo alipopata jina lake. Nguvu zake zilikuwa katika masikio, kwa kuwa aliyarithi kutoka kwa mama yake: yalikuwa masikio ya dubu.

Sasa anaingia msaliti. Yuko mzee aitwaye Kangars, ambaye watu walimheshimu kama mcha Mungu, kumbe kwa siri amekwisha kujiuza kwa nguvu za giza. Anashirikiana na padre mgeni wa Kijerumani aitwaye Dietrich, na siri ya masikio inawafikia maadui. Anatumwa Askari Mweusi. Anafika Lielvārde kama mgeni, anaomba mashindano ya kirafiki, na katika mchezo huo anamkata shujaa sikio moja, kisha la pili. Wanashikana mwili kwa mwili, wanasukumana hadi ukingoni mwa genge, na wote wawili wanatumbukia katika Daugava. Lakini utenzi haukomei hapo. Inasemwa kwamba huko vilindini mapigano yangali yakiendelea, na siku moja Mrarua-Dubu atamtupa adui yake peke yake majini. Siku hiyo watu watakuwa huru.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa hadithi ya namna hii. Sisi tunaye Fumo Liyongo wa pwani yetu, ambaye hakuna silaha iliyomweza, hata siri ya kitovu chake ilipotoka na mwanawe mwenyewe akamchoma kwa sindano ya shaba. Nao wasomaji wa Biblia wanamjua Samsoni na nywele zake. Popote pale wanyonge wamesema jambo moja: jitu letu halikushindwa kwa nguvu, lilishindwa kwa siri iliyotolewa na mtu wa nyumbani.

Historia iliyo nyuma ya hadithi

Nikisoma habari za Dietrich, mimi niliye padre siwezi kutabasamu na kupita. Dietrich wa historia, ambaye kwa Kilatini huitwa Theodoricus, alikuwa mtawa wa shirika la Wasistersiani aliyefanya utume Turaida miongoni mwa Walivi, mojawapo ya makabila ya kale ya nchi hiyo. Habari zake tunazipata katika kitabu cha padre mwenzake, Henry wa Livonia, aliyeandika mambo mengi akiwa shahidi.

Henry anasimulia kwamba Walivi wa Turaida walitaka kumtoa Dietrich kuwa sadaka kwa miungu yao, kwa sababu mashamba yake yalistawi na yao yalizamishwa na mvua. Wakapiga ramli: mkuki uliwekwa chini na farasi akapitishwa juu yake. Farasi alitanguliza mguu wa uhai. Mpiga ramli akasema kwamba Mungu wa Wakristo amepanda mgongoni mwa farasi ndiye anayeuongoza mguu; basi mgongo ufutwe, Mungu huyo aanguke. Wakaufuta. Farasi akatanguliza tena mguu ule ule, na mtawa akaachiwa. Hivyo maisha ya Dietrich yaliokolewa na kwato za farasi na kwa uaminifu wa Wapagani waliotii matokeo ya ramli yao wenyewe.

Kabla yake alikuwako Mtakatifu Meinhard, mkanoni wa Mtakatifu Augustino kutoka Segeberg, aliyefika Daugava pamoja na wafanyabiashara wa Kijerumani akiwa mtu mzima mwenye mvi. Alijenga kanisa Ikšķile, na mwaka 1186 akawekwa wakfu kuwa askofu. Alikuja bila jeshi. Walivi walipoonewa na majirani zao, aliwaahidi ngome ya mawe kama wangepokea ubatizo, akaleta waashi kutoka kisiwa cha Gotland. Ngome ikajengwa. Ilipokamilika, wengi waliokuwa wamebatizwa walishuka mtoni, wakaoga ili maji ya Daugava yauondoe ubatizo wao.

Wapendwa, hapa ndipo njia ilipogawanyika. Ahadi ya imani iliyotolewa kwa kubadilishana na mawe ilivunjika, na badala ya kujiuliza ni ubatizo wa namna gani huo uliotolewa kama malipo, waliokuja baadaye walisema: waliahidi, basi walazimishwe kutimiza. Dietrich alikwenda Roma, na Papa Selestini III akawapa rehema wale ambao wangejitwika msalaba na kwenda kulisaidia kanisa lile changa. Meinhard alifariki mwaka 1196. Mwandamizi wake, Askofu Berthold, alirudi na jeshi, akauawa vitani tarehe 24 Julai 1198 kwa mkuki wa Mlivi aitwaye Imauts, farasi wake alipompeleka mbio katikati ya maadui. Jeshi lilishinda, na Walivi wakabatizwa kwa hofu. Meli zilipong'oa nanga, walishuka tena mtoni kuoga.

Henry anaongeza kisa ambacho hakinitoki akilini. Msaksoni mmoja alikuwa amechonga kichwa cha mtu katika tawi la mti. Walivi wakadhani ndicho mungu wa Wasaksoni, aletaye mafuriko na tauni. Wakapika pombe ya asali, wakanywa pamoja, wakakishusha kile kichwa, wakafunga magogo kuwa chelezo, wakakiweka juu yake, wakakisukuma kiende baharini kuwafuata wale waliokuwa wakirudi Gotland. Kwao ule ndio uliokuwa Ukristo: kichwa cha mti kilicholetwa na wageni wenye panga, nacho hurudishwa kwa wenyewe.

Askofu wa tatu, Albert, aliuanzisha mji wa Riga mwaka 1201. Mwaka uliofuata likaundwa shirika la Ndugu wa Upanga, watawa waliovaa silaha. Mwaka 1203 Dietrich alimchukua Kaupo, kiongozi wa Walivi aliyebatizwa, hadi Roma, ambako Papa Inosenti III alimpokea kwa heshima na zawadi. Kaupo alibaki mwaminifu kwa Kanisa na kwa Wajerumani hadi alipouawa vitani mwaka 1217. Katika kumbukumbu ya watu, amekuwa mwaminifu kwa wengine na msaliti kwa wengine.

Mji na deni lake

Ndugu wa Upanga walipopigwa vibaya katika vita vya Saule mwaka 1236, waliosalia waliunganishwa na shirika kubwa la Kijerumani, wakaendelea kutawala kama tawi la Livonia. Mwaka 1265 wakajenga ngome kando ya Mto Lielupe. Hiyo ndiyo asili ya mji wa Jelgava, ambao Wajerumani waliuita Mitau.

Miaka karibu 300 ikapita. Mwaka 1561 mkuu wa mwisho wa shirika hilo, Gotthard Kettler, aliyekuwa amekwisha kuifuata mageuzi ya Luther, aliligeuza eneo la shirika kuwa milki yake ya urithi, ndiyo Milki ya Kurland. Mjukuu wake, Jacob Kettler, akatawala kutoka Jelgava tangu mwaka 1642. Huyu alipenda meli. Mwaka 1651 watu wake walitia nanga katika Mto Gambia, Afrika Magharibi, wakajenga ngome katika kisiwa kidogo kilicho katikati ya mto. Waingereza walikitwaa mwaka 1661, nacho baadaye kikawa kituo cha biashara ya watumwa. Leo kisiwa hicho kinaitwa Kunta Kinteh, na tangu mwaka 2003 kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Tazameni basi mnyororo huu. Upanga uliochomolewa ili kulinda ubatizo wa Walivi haukurudi alani. Ulizaa dola, dola ikazaa watawala wa kurithishana, na watawala hao, ambao nyumbani kwao waliwamiliki wakulima wa Kilatvia pamoja na ardhi, walifika Afrika na kuweka mawe ya kwanza ya ngome ambayo wengine waliitumia kufungia watu. Mkulima wa Kurland na mateka wa Gambia hawakuonana uso kwa uso, lakini kwa kitambo walikuwa chini ya bendera moja.

Sanamu

Walatvia walitangaza uhuru wao tarehe 18 Novemba 1918, lakini kuutangaza uhuru si kuupata. Oktoba 1919 jeshi la Pavel Bermondt-Avalov, lililojaa askari wa Kijerumani waliobaki baada ya Vita Kuu ya Kwanza pamoja na Warusi, liliushambulia mji wa Riga. Tarehe 11 Novemba Walatvia walilifukuza kutoka ng'ambo ya Daugava. Tarehe 21 Novemba Jelgava nayo ikakombolewa. Jeshi lililokuwa likirudi nyuma liliteketeza jumba kubwa la watawala lililojengwa na Rastrelli katika karne ya 18.

Kwa watu waliokuwa wamesoma utenzi wa Pumpurs shuleni, jambo hili lilikuwa kama hadithi iliyotimia mbele ya macho yao: wana wa wakulima wamemtupa Askari Mweusi mtoni. Ndiyo maana nishani ya juu ya ushujaa wa kijeshi iliitwa Lāčplēsis, na hadi leo tarehe 11 Novemba ni Siku ya Lāčplēsis, ambapo watu huwasha mishumaa kando ya ukuta wa ngome ya Riga kuwakumbuka marehemu wa vita. Ndiyo maana pia mji wa Jelgava, ulipotaka kuwaheshimu waliouokoa, haukumchonga ofisa yeyote. Mwaka 1932 ulimsimamisha Mrarua-Dubu, kazi ya mchongaji Kārlis Jansons.

Hakusimama kwa muda mrefu. Mwaka 1940 Umoja wa Kisovieti uliikalia Latvia. Ukafuata utawala wa Wajerumani wa Hitler, kisha Wasovieti wakarudi. Tarehe 14 Juni 1941 Walatvia zaidi ya 15,000 walisombwa kwenda uhamishoni, na tarehe 25 Machi 1949 wengine zaidi ya 42,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Sehemu kubwa ya Jelgava iliteketea katika mapigano ya mwaka 1944. Katika utawala wa Kisovieti sanamu iliangushwa. Wenye mamlaka walielewa vema kwamba mtu asiyewahi kuzaliwa anaweza kuwa hatari kuliko walio hai, maana hawezi kukamatwa.

Kārlis Jansons alipata msiba wa namna hiyo mara zaidi ya moja. Huko Rēzekne, katika mkoa wa Latgale wenye Wakatoliki wengi, alichonga sanamu ya Māra wa Latgale, mwanamke aliyeinua msalaba, iliyozinduliwa Septemba 1939 kwa mchoro wa Leons Tomašickis. Iliangushwa mwaka 1940, ikarudishwa mwaka 1943, ikaangushwa tena mwaka 1950, na mahali pake pakawekwa sanamu ya Lenin. Shujaa wa hadithi za Kipagani na mwanamke mwenye msalaba, ambao zamani wangehesabiwa kuwa maadui, waliangushwa na mkono ule ule.

Uhuru uliporudi mwaka 1991, Walatvia waliyakumbuka mawe yao. Mwaka 1992 Mrarua-Dubu wa Jelgava alisimama tena, na mwaka huo huo Māra wa Rēzekne naye akasimama. Aliyefanya kazi hiyo katika miji yote miwili, akisaidiwa Rēzekne na mchongaji Indulis Folkmanis, alikuwa Andrejs Jansons, mwana wa Kārlis. Baba alichonga, dola ikaangusha, mwana akachonga tena. Sijui hotuba iliyo fasaha kuliko hiyo juu ya amri ya kuwaheshimu baba na mama.

Maua ya Papa

Wapo watakaosema: basi padre, kwa nini uyafukue haya? Meinhard ni mtakatifu. Papa Yohane Paulo II mwenyewe alithibitisha heshima yake tarehe 8 Septemba 1993 alipoitembelea Latvia. Naam, ni kweli, nami namwomba atuombee. Lakini papa huyo huyo, tarehe 12 Machi 2000, katika Basilika la Mtakatifu Petro, aliomba msamaha hadharani kwa ajili ya wana wa Kanisa waliotumia njia zisizopatana na Injili wakidhani wanaitetea kweli. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Kanisa lenye uwezo wa kumheshimu mzee Meinhard aliyekuja bila jeshi lina wajibu wa kuwalilia waliobatizwa ncha ya mkuki ikiwa kifuani.

Mjini Riga uko Mnara wa Uhuru, wenye urefu wa mita 42, uliojengwa kwa michango ya wananchi na kuzinduliwa mwaka 1935, kazi ya mchongaji Kārlis Zāle. Umeandikwa kwa Kilatvia maneno yenye maana ya "Kwa Nchi ya Baba na Uhuru". Chini yake, miongoni mwa sanamu za mawe, yumo Lāčplēsis akipambana na dubu. Huo haukuangushwa, na tarehe 14 Juni 1987 watu walithubutu kuweka maua hapo kuwakumbuka waliosombwa.

Tarehe 24 Septemba 2018 marehemu Papa Fransisko alifika Riga. Akaweka maua chini ya mnara huo, kisha akaenda kusali pamoja na Wakristo wa madhehebu mengine katika kanisa kuu la Kilutheri, ambamo lipo kaburi la Meinhard. Mwandamizi wa Selestini na Inosenti akaweka maua mahali asimamapo Mrarua-Dubu! Sina hakika kama wengi waliokuwapo walilifikiria jambo hilo. Lakini mimi, nilipoifikiri tarehe hiyo, nilikumbuka kile chelezo cha magogo kilichosukumwa kwenda baharini miaka 800 na zaidi iliyopita. Safari hii wageni hawakuja na panga, na wenyeji hawakuwa na sababu ya kurudisha kitu.

Wapendwa, sisi mapadre na makatekista tunawabatiza watu kila Pasaka. Baadhi yao wanakuja kwa sababu ya ndoa, baadhi kwa sababu ya nafasi ya shule, baadhi kwa shinikizo la wakwe. Mimi mwenyewe niliwahi kumharakisha mtu kisimani kwa sababu familia ilikuwa imekwisha kuandaa sherehe, naye tangu siku hiyo sijamwona kanisani. Sikumtishia kwa mkuki. Lakini nilimpa ubatizo kama mawe ya ngome, kwa kubadilishana na kitu, na naamini kwa namna yake amekwisha kushuka mtoni. Mwaka huu nimewaambia wakatekumeni wetu kwamba anayetaka kungoja angoje, na mlango utabaki wazi.

Mkipata nafasi juma hili, waulizeni wazee wenu jinsi Injili ilivyofika kijijini kwenu: nani aliileta, alikuja na nini mkononi, na ni nani aliyekataa na kwa nini. Sikilizeni hata yale yasiyotupendeza. Yaandikeni kabla wazee hawajaondoka.

Nawatakia juma lenye amani. Mungu awabariki nyote.